Gari Lililotaka Mteremko

Jumamosi ile mji wa Bundoran ulifurika. Kulikuwa na mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, upepo wa Oktoba ulikata masikio, na kwenye maegesho ya juu ya ufuo watu walibadilisha nguo nyuma ya taulo huku meno yakigongana. Nuala alikuwa ameketi nyuma ya gari lake, mlango wazi, sindano mkononi, akiziba suti za mpira za kujikinga na baridi ya bahari. Mwaka wa sita huo akifanya kazi hiyo: mji mmoja mdogo wa mawimbi leo, mwingine kesho, kutoka Donegal kaskazini hadi Clare kusini na kurudi. Bahari ile haina huruma na suti iliyotoboka, kwa hiyo wateja hawakukosekana. Kilichokosekana ni mapumziko. Magoti yalimuuma, godoro alilolalia mle garini lilinuka unyevu, na vidole vilinuka gundi hata alipokula.

"Fundi, una nafasi ya mgonjwa mmoja?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, sweta ya sufu imetoboka viwiko, nywele zinachuruzika maji. Suti yake ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyezimia.

"Mgonjwa anaumwa wapi?"

"Makalioni. Nilikalia kome."

"Sasa pole nimpe nani, wewe au suti?"

"Sote wawili. Lakini mimi usinishone, nitavumilia."

Nuala alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. Jina lake Fergal, seremala wa Easkey. Alingoja suti yake huku akilizunguka gari, akiligonga gonga kama anayetaka kulinunua.

"Mbona umeegesha pua inatazama chini hivi?"

"Haliwaki kwa ufunguo. Linataka mteremko."

"Kwa hiyo kila mji unatafuta mteremko?"

"Kila mji."

"Na mwanamume anayeishi mahali tambarare afanyeje?"

"Asukume."

Basi yakaanza hivyo. Mwezi mzima Fergal alimfuata kila alikotia nanga, leo Strandhill, kesho Enniscrone, na chupa ya chai na mkate wa magadi uliopakwa siagi nene. Siku asizoweza kuja alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula biskuti."

"Biskuti si chakula, ni tabia mbaya. Njoo Easkey, nyumba ya mwisho kabla ya maji, mlango mwekundu. Huwezi kuikosa."

"Nitakuja."

Hakuenda, lakini aliifikiria. Akiwa peke yake aliwaza jambo alilojikataza kwa muda mrefu: kwamba angeweza kuacha barabara, akalala kitanda kisicho na magurudumu, karibu na mtu huyu. Alitamani hivyo mpaka akaogopa. Miaka ya nyuma, kule Lahinch kusini, mwanamume mmoja alimpa ahadi ya ndoa kwa miaka miwili huku ana mke mjini Ennis. Hayo hakuwahi kumsimulia Fergal.

Jumapili moja Fergal alipita Enniscrone mbiombio, anakwenda kuezeka paa la watu. Alimbusu kwenye paji la uso, akatupa mfuko ndani ya gari.

"Nizibie na hii, kipenzi changu. Usichelewe nayo. Asipoiona keshokutwa, mimi nitalala bandani."

Alipoondoka, Nuala alifungua mfuko. Ilikuwa suti ya kike, ya bluu, ndogo, kiuno chembamba. Aliitazama mara moja tu. Hakuikagua, hakuuliza. Aliufunga mfuko, akausukuma chini ya godoro, akaachia breki. Gari liliteremka, likakohoa, likawaka, na hakusimama tena mpaka Lahinch.

Keshokutwa yake simu ililia.

"Nuala, uko wapi? Nimekuja Enniscrone, sioni hata tairi."

"Kazini."

"Mbona sauti hiyo? Nimekosa nini?"

"Muulize mwenye suti."

"Nimuulize nini? Mwenye suti ananinunia mimi, anaitaka suti yake!"

"Mwambie anunue nyingine."

Akakata. Fergal alipiga tena na tena, kisha akaacha, na huko kuacha kukauma kuliko kupigiwa.

Siku ya tisa mvua ilinyesha kutwa, hakuja mteja. Nuala aliuvuta ule mfuko. Apende asipende, suti ya mtu hairudishwi imechanika. Aizibe, aitume kwa posta, yaishe. Aliigeuza nje ndani kama anavyogeuza suti zote, na mikono ikaanza kusoma kabla ya macho.

Ubao hula suti kifuani na magotini. Hii kifua kilikuwa kizima, magoti mapya. Palipolika ni makalio, yamesagika kwa kukaa juu ya mawe. Mpasuko wa begani ulikuwa umeshonwa kwa sufu ya soksi, ushonaji ambao hakuna mtelezaji angethubutu. Alipoingiza mkono kwenye mkono wa suti akatoa kitambaa cha karatasi, kimekunjwa vizuri. Mama yake Nuala mwenyewe alikichomeka kwenye mkono wa nguo kila siku ya maisha yake, kanisani hata sokoni. Wanawake wa umri ule hawavai mkono wa nguo bila kuchomeka kitambaa.

"Mjinga mimi," akasema kwa sauti.

Aliiziba ile suti kuliko alivyowahi kuziba nyingine yoyote, akalala, na alfajiri akashika njia ya kaskazini.

Adhuhuri aliuona mlango mwekundu akiwa juu ya kilima. Kijia kilishuka hadi kwenye maji, na mbele ya nyumba ardhi ilikuwa bapa. Angeweza kuegesha juu na kushuka kwa miguu. Alikaa kidogo, mikono kwenye usukani, kisha akaliacha gari lishuke lenyewe hadi chini, akazima.

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka zaidi ya sabini, mwembamba kama binti.

"Wewe ndiye uliyeninyima bahari siku tisa?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilidhani ni suti ya mke wake."

Bi Attracta, mama yake Fergal, aliitazama suti, akajitazama kiuno, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Ya mke! Fergal! Njoo usikie ninavyosifiwa!"

Akainyakua suti yake, akaingia chumbani kubadilisha. Fergal akatoka karakanani, vumbi la mbao kifuani. Yeye hakucheka.

"Ungeuliza, Nuala. Neno moja tu."

"Nilichoka, Fergal. Mtu akichoka hivi haulizi, anaondoka. Niliwahi kudanganywa, nikaona ni yale yale."

"Na sasa?"

"Bado nimechoka."

Fergal akalitazama gari nyuma ya Nuala.

"Umeegesha chini."

"Ndiyo."

"Hapa hata chungwa haliviringiki. Halitawaka hilo."

"Najua."

"Itabidi niite watu wanne walisukume."

"Basi usiwaite," Nuala alisema, akamkabidhi ufunguo.