Nilimziba Mdomo Mke wa Mwanangu

Nina miaka hamsini na sita. Ni mjane, mkulima wa kahawa huku milimani Mbinga, na kwa miaka mingi nilikuwa kiongozi wa akina mama kigangoni kwetu. Nalitaja hilo la kigango makusudi, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba mwanamke aliyefanya haya hakuwa mlevi wala mchawi. Alikuwa mtu wa kupokea komunyo kila Jumapili!

Mume wangu alifariki mapema akaniachia mtoto mmoja tu, Festo. Nilimlea peke yangu. Nililima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani ya kupandia mahindi na maharage, mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kahawa ikamsomesha sekondari ya Kigonsera, kisha chuo cha ualimu, na siku alipopangiwa kufundisha Ngumbo, kule chini kwenye Ziwa Nyasa, nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Mwaka wa pili akanipigia simu kwamba amepata mchumba na atamleta Jumapili. Lakini Mama, akasema, kuna jambo utaliona mwenyewe, naomba usishtuke.

Mimi nikadhani labda ni Mwislamu, au ameshazaa. Nikasema moyoni, hilo si neno. Nikachinja jogoo.

Walifika mchana, watu wakitoka misani. Binti mrefu, mweusi wa kupendeza, kitenge kimekaa sawasawa, mkononi amebeba samaki, mbasa wa kukaushwa waliofungwa vizuri kwenye majani. Akapiga magoti mbele yangu, akainamisha kichwa, akanipa mkono. Mimi nimesimama na marahaba yangu mdomoni, nasubiri shikamoo... Haikuja! Nikamtazama Festo. Ndipo akaniambia taratibu kwamba Skola hasikii wala hasemi, tangu aliposhikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto mdogo.

Jamani! Jogoo wangu mzima yule!

Sasa nisikilizeni nilivyofanya, maana najua wengi wenu mngefanya hivyohivyo. Kwanza nilimsogelea sikioni nikapiga kelele, "UNAITWA NANI?" mpaka kuku wakatawanyika uani. Yeye akatabasamu tu. Kisha nikamgeukia Festo nikaanza kumuuliza mambo ya yule binti mbele yake mwenyewe. Anajua kupika? Anaelewa ukimtuma? Watoto wake watakuwaje? Nilimuuliza kama mtu anayeulizia mbuzi mnadani. Na nilipoona hasikii, nikageukia Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, nikasema mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilisahau kwamba ana macho. Mtu asiyesikia anasoma uso wako wote, kila unavyobinua mdomo anaona!

Hata hivyo alivumilia. Akaingia jikoni bila kuambiwa, akasonga ugali. Nami nilianza kulegea kidogo, nawaambia ukweli. Mpaka kuku mmoja akaruka mezani akatia mguu kwenye bakuli la mchuzi. Nikamkimbiza na mwiko, nikateleza, nikaketi chini pwaa!

Skola akacheka.

Lo! Sijapata kusikia kicheko kama kile. Kilitoka tumboni, kikubwa, kinapanda na kushuka, hakina breki, maana mwenyewe hajisikii. Njiani watu wa misani wakasimama. Mwenzangu mmoja wa kigangoni akachungulia juu ya uzio. Aibu ikanipanda kichwani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikainuka, nikamfuata, nikambana mdomo kwa kiganja changu. Nikakandamiza! Sikumwachia mpaka Festo aliponiondoa mkono kwa nguvu.

Macho ya binti yule yalikuwa karibu na yangu hivi. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanauliza, nimekosa nini?

Hawakumaliza chakula. Wale mbasa wake niliwagawa kwa jirani.

Baada ya hapo nilikataa kumtuma mshenga. Baba yake mdogo Festo akajitwisha kazi hiyo, mimi nikamnunia mwaka mzima. Nilisema, na nilisema mbele za watu, kwamba ndoa ni kiapo na kiapo ni mdomo, huyu ataapa na nini? Padri alikubali aape kwa mikono. Wakafunga ndoa Ngumbo, na waliokwenda walinisimulia kwamba Skola alijigusa kifua, akamgusa Festo kifua, kanisa zima likalia. Mimi siku hiyo nilikwenda kupalilia. Mvua ikaninyeshea shambani, nikajiambia ni baraka ya kazi.

Festo hakunisusa. Huo ndio msumari unaonichoma hadi leo. Kila msimu wa kahawa alipanda na pikipiki yake Jumamosi asubuhi kuja kunizungushia mashine ya kumenya, maana mpini ule ni mzito kwangu. Akitaka kuja na mkewe namwambia njoo peke yako, nyumba ni ndogo. Hata walipopata mtoto wa kike wakampa jina langu, Otilia, nilisema nitamwona akikua.

Siku moja, mikono yetu imejaa utelezi wa kahawa, akaniambia, "Mama, tangu siku ile Skola hacheki mbele ya watu. Kicheko kikimjia anajiziba na kitenge. Nenda kamwambie neno moja tu, mimi nitatafsiri."

Nikamjibu amalizie debe lililobaki, mambo ya wanawake aniachie. Akamaliza. Hakulisema tena.

Mwezi wa saba, baridi kali na ukungu umeshika milima, alitoka kwangu jioni kurudi kwake. Kwenye zile kona za kushukia ziwani pikipiki ikamshinda, akaporomokea bondeni. Waliomwokota walitoa laini yake wakanipigia kwa simu ya mmoja wao, ya kwake ilikuwa imepondeka. Ee Mungu wangu! Mwanangu wa pekee, na alikuwa ametoka kwangu, alikuja peke yake kwa sababu mimi ndiye niliyetaka aje peke yake!

Tulimzika hapa nyumbani kwa baba yake. Skola alipanda na ndugu zake wa Ngumbo, mtoto mgongoni, ana miezi minane.

Sasa kwetu, msiba una utaratibu wake. Kundi la waombolezaji likiingia linaanzia kilio barabarani, na wafiwa ndani wanawaitikia kwa kilio. Mjane ndiye wa kwanza kuitikia. Asipoitikia, watu wanahesabu mengi. Basi kundi la kwanza likaingia, nikalia mimi. La pili, nikalia mimi. Skola amekaa mkekani pembeni yangu, amejaza pindo la kitenge mdomoni, ameling'ata, machozi yanatiririka mpaka shingoni lakini sauti hakuna. Hata mguno! Wanawake wakaanza kunong'onezana.

Nami nilikuwa na uchungu unaotafuta mtu wa kumwangukia. Nikasimama katikati ya msiba wa mwanangu, nikapaza sauti, "Mke gani huyu asiyemlilia mumewe? Atoke kwenye mkeka wangu!"

Hakusikia, lakini alinielewa. Mkono wangu ulikuwa umeonyesha mlango.

Wakamtoa. Mjane wa Festo alikaa nje kwenye masufuria, na wapishi, siku ya kumzika mume wake. Kaburini alirusha udongo akiwa wa mwisho, bado kitenge kimo mdomoni. Watu wa ziwani hawakungoja hata tuanue matanga. Walipokuwa wanaondoka, dada yake mkubwa, Agata, ambaye ndiye anayemsemea, alinijia. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, mdogo wangu analia kwa sauti kubwa sana, tangu utoto. Ni wewe uliyemfundisha kujiziba. Alikuwa anakustahi."

Nilimkata jicho nikamwambia safari njema. Ningefanya nini na kiburi kile?

Miaka miwili nilikaa hivyo. Kahawa iliivia mtini, nyingine ikaanguka chini, mwenye kunizungushia mpini hakuna. Nilijiuzulu kigangoni. Nikawa nalala na ile simu ya Festo iliyopondeka, kioo kimekuwa unga, siwezi kuitupa. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilianza kuisahau sauti yake. Mama kusahau sauti ya mtoto aliyemzaa, mmewahi kusikia?

Nikaipeleka Mbinga mjini kwa fundi. Akasema simu imekwisha kazi, ila memori kadi ni nzima. Akaichomeka kwenye simu yake, akanipa kigoda nikae.

Ilikuwa video. Ni ufukweni, mchana, Skola anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, juu ya chanja. Anayepiga picha ni Festo mwenyewe, haonekani, unasikia pumzi yake tu. Likaja wimbi likamlowesha Festo, nadhani mpaka kiunoni, maana picha ilicheza na yeye akapiga ukelele. Skola akageuka, akamwona, na kile kicheko kikaanza... kisha akakamata pindo la kitenge haraka akalipeleka mdomoni. Ukaonekana mkono wa mwanangu unampa ishara, na sauti yake, ileile niliyokuwa naitafuta, ikasema, "Cheka, mke wangu, cheka! Mama hayupo!"

Skola akakiachia kitenge. Wakacheka wote wawili. Walicheka hadi picha ikaishia mchangani.

Fundi wa watu alikuwa anatabasamu. Akaniambia hawa walikuwa na raha kweli, Mama. Mimi nikaangua kilio pale kibandani, sokoni, kwa sauti yote niliyonayo, na hakuna mtu aliyekuja kuniziba mdomo.

Wiki hiyohiyo nilishuka. Gari hadi Mbamba Bay, kisha bodaboda kufuata ufuko mpaka Ngumbo. Nilibeba maharage, unga, na jogoo miguu imefungwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya ishara moja tu niliyoelekezwa na mwalimu mmoja kule mjini, ya kuomba msamaha.

Mlangoni alikuwepo mtoto wa kike, ana kama miaka mitatu, paji la uso ni la Festo mtupu. Akanitazama, akaitazama picha ukutani ndani. Ilikuwa picha yangu! Festo aliitundika, na Skola hakuishusha. Mtoto akafurahi kuona bibi wa pichani amefika na miguu. Akakimbia uani kwa mama yake, akamvuta nguo ageuke, na ili kumwambia nani amekuja, akaweka kiganja mdomoni pake, akakandamiza.

Nilibaki na jogoo wangu mkononi.

Agata alikuwepo, akaniona nilivyobadilika rangi. Akanieleza kwamba wao humwita kila mtu kwa alama yake. Padri ni miwani. Yeye Agata ni kovu la nyusi. Festo alikuwa kidole shavuni, kwa ajili ya kishimo chake. "Siyo tusi, Mama," akasema, "ndiyo jina lako. Mtoto hajui lilitoka wapi."

Mjukuu wangu anabeba jina langu zuri la ubatizo. Mimi ninabeba lile.

Nilipiga magoti mbele ya Skola kama yeye alivyonipigia siku ile. Nikafanya ishara yangu, sijui hata kama niliipatia. Kisha akaniinua, akaniletea maji ya kunawa, akanipakulia ugali na samaki. Nilikula ninalia.

Nilimwomba Agata amuulize kama lile jina linaweza kubadilishwa. Skola akajibu kwa mikono, polepole, na Agata akatafsiri kwamba jina halibadilishwi kwa kuombwa. Watu wakiona alama nyingine kwako, litabadilika lenyewe.

Sasa nashuka kila mwezi. Ninajifunza ishara na vidole hivi vilivyokakamaa kwa jembe, na Otilia mdogo ananisahihisha kama mwalimu, baba yake kabisa. Safari iliyopita tulikuwa tunaparua samaki, mmoja akaniponyoka akarukia kifuani mwangu, ndani ya blauzi. Nikaruka kama mwehu! Nikamwona Skola mabega yanatikisika, kicheko kinakuja, nikajua leo, leo Mungu amenikumbuka...

Akanitazama. Akachukua pindo la kitenge, akajiziba.

Wasomaji wenzangu, siku utakapokutana kwa mara ya kwanza na mtu asiyesikia, usimpigie kelele sikioni, hazimsaidii. Usimseme kwa mwenzake na yeye amesimama pale. Mtazame usoni, mpe mkono, muulize aliyekuja naye jinsi ya kumsalimia, basi. Na akicheka, nakuombeni sana, mwacheni acheke. Nilitumia dakika moja kumziba, na miaka yote hii sijaweza kumzibua.

Kila ninapoondoka, mjukuu wangu hunisindikiza hadi kwenye bodaboda. Nikishapanda, mtoto humgeukia mama yake aliyesimama mlangoni, amwambie kwamba bibi anakwenda. Mimi huwa nageuka kutazama mkono wake, kuona safari hii utafanya ishara gani.

Bado ni kiganja mdomoni.