Makofi ya Strasbourg

Jumapili asubuhi, nyumbani kwa Mama Hatice mjini Ghent, mayai yalikuwa yanakaangwa kwa nyanya na chai iko tayari. Orkun, kitinda mimba, alileta mkate wa moto kutoka duka la mikate alikoajiriwa baada ya kutoka gerezani.

"Leo umeoka au umeunguza?" dada yake Sevgi alimtania.

"Kula kwanza, mheshimiwa, matusi baadaye."

Wakacheka. Orkun alikuwa amefungwa kwa kuuza dawa za kulevya. Sasa ametulia, na mwajiri wake, mzee Lieven, hakuijua habari hiyo.

Sevgi alikuwa mtu wa watu. Chama chake cha vijana mtaani kilimpa sifa hadi akaingizwa katika mtandao wa viongozi vijana wa Ulaya, wanaokutana kujadili jinsi watu wa asili na dini mbalimbali watakavyoishi pamoja. Ni kazi njema, ndugu zangu, wala siibezi.

"Dada, huko mkutanoni Strasbourg mimi usinitaje," Orkun alimwambia. "Mzee Lieven akijua, kwisha habari yangu."

"Siri yako ni yangu, mdogo wangu."

Mkutanoni, kijana kutoka Poland alisimulia maisha yake, ukumbi mzima ukalia. Sevgi alizitazama hoja zake kuhusu shule na ajira, akaziona zimepoa. Mwongoza mkutano akamnong'oneza, "Tupe kitu cha moyoni." Tamaa ya sifa ikamshika. Akalitaja jina la Orkun, akalitaja gereza, akataja hata duka la mikate. Watu wakasimama kumpigia makofi. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Video ikasambaa hadi Ghent. Mzee Lieven hakugomba. "Kijana, wateja wameanza kuuliza," alisema, akamlipa chake.

"Nilikuwa nakusifu!" Sevgi alijitetea aliporudi.

"Wewe umepigiwa makofi, dada. Mimi nimepigwa kalamu."

"Nitakutafutia kazi nyingine. Nina watu Ulaya nzima."

"Basi kaa nao."

Orkun akawarudia marafiki wa zamani, ambao hawamuulizi mtu alitoka wapi. Mama aliliona hilo, akamsihi Sevgi akae na mdogo wake wayamalize. Sevgi akaahidi kufanya hivyo akirudi kutoka mkutano mwingine, mjini Tallinn.

Huko Tallinn walikuwa wanajadili namna ya kuwasaidia vijana waliotoka gerezani. Simu ya mama ikaita, Sevgi akaizima. Ikaita tena, akaizima tena. Alipompigia baadaye, mama alikuwa amepwelewa sauti.

"Wamemchukua mwanangu. Na safari hii kuna mtoto wa watu amekufa kwa dawa aliyomuuzia."

Sevgi alikwenda gerezani kumwona. Alisubiri huku wageni wengine wakikumbatiana na watu wao. Askari akarudi peke yake.

"Anasema hana dada."

FUNZO

Ndugu wasomaji, maisha ya mwenzako si mali yako, hata kama mmenyonya ziwa moja. Ukiaminiwa siri, itunze, hata pale ambapo kuitoa kutakupa heshima. Na wewe unayetaka kuwaongoza watu, mmoja wao akikuomba jambo moja dogo, mtimizie huyo kwanza. Sevgi angali anaalikwa mikutanoni. Mezani kwa mama yake, hakuna anayezungumza.