Picha Kumi za Mwisho

Kila Jumamosi, baada ya kumaliza idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, na chatini, Sravanthi alifuatana na mama yake mdogo, Vasudha, hadi kwenye maabara aliyofanyia utafiti, hapo hapo Hyderabad. Jumamosi ile Sravanthi alikuwa na kazi yake mwenyewe, ya maonyesho ya sayansi shuleni: kuhesabu nukta za kijani katika picha arobaini za viini vya seli, zilizopigwa kwa hadubini. Kila nukta ilionyesha mahali ambapo jeni zilikuwa zikinakiliwa.

"Andika ngapi ziko katikati ya kiini na ngapi ziko ukingoni mwake," Vasudha alimwambia. "Andika unachokiona, si unachodhani."

Picha thelathini alizihesabu vizuri. Karibu nukta zote zilikuwa katikati, zimejikusanya vikundi vikundi. Kisha macho yakaanza kumuuma, na nyumbani rafiki yake Naseema alikuwa akimsubiri warushe tiara. "Zote ni zile zile," alijisemea. Kumi zilizobaki akazibunia: ukingoni sifuri, sifuri, sifuri.

Jumatatu, Naseema alipokuwa nyumbani kwao akimsaidia kubandika picha kwenye ubao wa maonyesho, alisita.

"We Sravanthi, hii ya thelathini na saba umeihesabu kweli? Tazama ukingoni. Moja, mbili, tatu!"

"Macho yako yana vumbi."

"Macho yangu mazima. Labda wewe ulihesabu umelala."

Sravanthi aliona haya. Maonyesho yalikuwa kesho yake. Angeweza kuiondoa picha ile tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini jioni alimfuata Vasudha jikoni.

"Mama mdogo, picha kumi sikuzihesabu. Nilibuni."

Vasudha aliweka kisu chini, akanawa mikono iliyonuka vitunguu. "Zilete."

Walihesabu pamoja mpaka wali ukapoa. Picha tatu zilikuwa na nukta ukingoni.

"Kumbe zipo!"

"Zipo. Jeni za ukingoni nyingi huwa kimya, hazinakiliwi, lakini si zote. Kwa nini hizi zinafanya kazi? Hata mimi bado natafuta."

Kesho yake majaji walisimama muda mrefu mbele ya picha ya thelathini na saba.

"Nani aliziona hizi?" mmoja aliuliza.

"Naseema," Sravanthi alijibu. "Mimi nilikuwa nimeziruka."

Walipata nafasi ya pili, wakarudi nyumbani wakicheka.

"Mwanangu," Vasudha alimwambia, "anayebuni hupata kile alichokwisha kukijua. Anayehesabu kweli ndiye anayejifunza jambo jipya."