Harufu Mikononi

Soko kuu la Irkutsk, mji wa Urusi, lilifurika watu asubuhi ile ya Februari. Zoya, ndani ya koti jipya jeupe la manyoya, aligeuka ghafla akagongana na mwanamume mrefu aliyebeba omuli, samaki wa ziwa Baikal, kwenye karatasi iliyolowa. Mafuta yakatapakaa kifuani pa koti. Harufu ilipompanda puani, nusura atapike.

"Huyu samaki ameoza."

"Hajaoza, dada. Ameanza kunuka tu. Ndiyo utamu wenyewe."

"Unakula uozo?"

"Kila wiki. Naitwa Rodion. Nipe koti, nitalipeleka kwa dobi."

Alilipeleka kweli, na simu zikaanza. Wakagundua kazi yao ni moja. Zoya alipima matufe ya kioo katika maabara ya mjini. Rodion aliyashusha ziwani, kupitia matundu kwenye barafu, mpaka kwenye giza la chini. Huko yalingoja nyutrino, vijichembe kutoka mbali angani vinavyopenya dunia nzima bila kugusa kitu. Mara chache sana kimoja hugonga maji na kuacha mmweko wa buluu, nayo matufe huunasa.

"Matufe yangu hayajambo?"

"Hayajambo. Yanamuulizia mama yao."

"Umenawa mikono?"

"Hata kwenye simu unaninusa?"

Mwezi Machi Zoya alipanda lori akamfuata barafuni bila kumwambia. Alimkuta kibandani peke yake, macho mekundu, sweta linanuka spiriti, chupa tupu miguuni. Ilikuwa spiriti ya kusafishia matufe. Baba yake Zoya alinuka hivyo hivyo kila jioni mpaka alipokufa, na Zoya alikuwa ameapa hataolewa na mlevi kama alivyoolewa mama yake.

"Zoya, mpenzi, ngoja nikueleze."

"Usinisogelee. Unanitia kinyaa."

Alirudi na lori lile lile. Simu za Rodion hakuzipokea tena.

Barafu ilipoanza kulainika, Gleb, msimamizi wa Rodion, alileta vifaa maabarani, huku akila omuli kwa mkono. Bila kufikiri, akashika tufe lililokuwa mezani.

"Gleb Ivanovich, mikono yako."

"Samahani, binti. Tabia mbaya."

Zoya alichukua spiriti. Mafuta ya samaki yalizidi kusambaa. Akamimina, akafuta, akamimina tena. Macho yakamwasha. Chupa ikaisha. Alipojinusa mikono, ilikuwa kana kwamba baba yake amesimama pale.

"Utadhani Rodion," Gleb akasema. "Siku ile uliyokuja nilimchafulia tufe. Alimaliza chupa nzima kulisafisha, akanifukuza kibandani. Na yule hata bia haonji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia? Ulipita kama upepo."

Zoya aliyatazama mafuta kwenye kidevu cha Gleb. Lakini sasa alijionea kinyaa yeye mwenyewe. Akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Sokoni."

"Umenunua nini?"

"Unajua."

"Kaa hapo hapo."

Alifika bila kunawa, akamnyooshea viganja.

"Nusa."

"Spiriti," Rodion alisema.

"Nimefuta tufe moja tu. Nilikukosea, Rodion."

Rodion alitaka kumtupa yule samaki. Zoya akamzuia, akamega kipande, akatafuna huku machozi yanamtoka.

"Vipi?"

"Uchafu mtupu."

"Na mla uchafu, utakubali akuoe?"

Zoya akameza kwa taabu.

"Nitakubali. Ila samaki atalala nje, kwenye roshani."

"Na mimi?"

"Wewe ndani. Ukishanawa."