Mke wa Meza ya Dirishani

Saa ya chakula cha mchana, mgahawa ule haukuwa na mahali pa kuweka hata kiwiko. Wahudumu walipitisha sahani juu ya vichwa vya watu, feni ilizungusha joto lile lile, na fundi wa majokofu, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa grisi, ndiyo kwanza alikuwa anachota wali wake kwenye meza ya dirishani. Mara keshia akapandisha sauti ya redio mpaka mwisho.

Kumbe haikuwa raha ya muziki. Msichana alichomoka jikoni, akavua aproni, akaitupa nyuma ya kabati, akaketi mbele ya fundi na kuivuta sahani yake.

"Mume wangu," alisema, machozi yanamtiririka, "mbona umenyamaza? Kula basi."

Fundi aligeuka nyuma kumtafuta huyo mume. Alichoona ni maofisa wawili wa uhamiaji mlangoni. Akatupa macho ukumbini: wapishi na waosha vyombo walikuwa wameshakaa kwenye viti vya wateja, wanatafuna chakula cha watu wasiowajua. Akaelewa.

Ofisa mmoja alisimama mezani kwao. "Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu, afande."

"Mbona analia?"

Msichana alikuwa amekata vitunguu tangu asubuhi. Fundi hakusita. "Nimemwambia mama yangu anakuja kuishi na sisi."

Ofisa alicheka mpaka akashika mkanda. "Pole sana, dada," akasema, akaenda zake.

Msichana alijifuta uso. Alivaa gauni la kitenge lililopauka, na shavuni alikuwa na kishimo kimoja kilichojitokeza pale alipoanza kucheka.

"Una uongo wewe!"

"Nani kaanza? Nimeozeshwa hata mahari sijaulizwa."

"Na nyama yako nimeimaliza."

"Nimeona. Talaka yako iko njiani."

Mambo yakaanzia hapo. Tajiri mwenye mgahawa alikuwa amempangia kila mfanyakazi meza yake ya kukimbilia redio ikipandishwa. Karibu jiko zima lilikuwa la watu waliovuka mpaka kutafuta riziki bila kibali, na yeye aliwapenda hivyo hivyo: hawaombi likizo, hawaumwi, hawana pa kwenda kushtaki. Wakimuuliza habari za vibali, aliwajibu, "Mwezi ujao." Mwezi ujao wa tajiri haujawahi kufika.

Fundi akawa mteja wa kila siku, hata siku ambazo hana njaa. Alimpenda yule msichana, alimpenda mpaka akakosea kufunga waya za majokofu ya watu. Akambatiza jina la Vitunguu.

"Vitunguu wangu, uko wapi?" alimpigia.

"Jikoni, nawakata ndugu zangu."

"Hata sauti yako inanitoa machozi."

"Toka hapa! Fanya kazi, watu wasije wakala nyama iliyooza kwa ajili yako."

"Jumapili tutoke basi, kipenzi. Tutembee tu."

"Mtaani hakuna keshia wa kunipandishia redio, mpenzi. Njoo wewe."

Basi siku moja fundi akaja na mama yake mzazi, aliyefika mjini kumtembelea. Mama wa watu alivaa gauni la zambarau na kilemba kilichokaa sawasawa. Fundi alipanga wale chakula kwanza, mama atulie, ndipo amwite Vitunguu amtambulishe kwa adabu zote. Hakumdokeza yeyote kati yao. Mpango mzuri, ila hakushauriana na uhamiaji.

Redio ikapanda. Vitunguu akaja mbio, akaketi. "Mume wangu, samahani nimechelewa."

Mama akaweka kijiko chini. "Mume? Mume wa nani?"

Jasho likamtoka fundi. Mama anamkazia macho. "Mama, huyu... huyu mimi simjui."

"Humjui?" Ofisa alikuwa nyuma yao, nyusi zimepanda.

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama ofisa, akaitazama mikono ya yule binti ilivyong'ang'ania ukingo wa meza. Akaishika.

"Afande, waache hawa. Wamegombana tangu jana, kila mmoja ananuna. Huyu ni mkwe wangu. Tena mkamwana mzuri, mwenye kasoro ni huyu niliyemzaa."

Ofisa alipoondoka, Vitunguu alisimama. "Ahsante, mama." Akarudi jikoni bila kumtazama fundi.

Simu alizipuuza zote. Mwishowe akapokea.

"Vitunguu, nisikilize. Nilitaka nikutambulishe kwa heshima, siyo vile, mbele ya wali."

"Heshima gani? Mtu wa uhamiaji yuko mgongoni kwangu, wewe unasema hunijui!"

"Niliona aibu kwa mama."

"Wewe ulikuwa unaona aibu. Mimi nilikuwa nafukuzwa nchini." Akakata.

Mama ndiye aliyekwenda mwenyewe, kwa mlango wa nyuma wa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeidanganya serikali kwa ajili yako, mwanangu. Angalau nijue nimemdanganyia nani."

Vitunguu alicheka, halafu akalia, na safari hii alikuwa anamenya viazi. Mama akageuza kreti, akakaa, akachukua kisu naye akamenya.

"Mwanangu ni mjinga, lakini si mbaya. Shida yangu ni wewe. Utakaa kwenye meza za watu mpaka lini?"

Swali hilo lilimkera Vitunguu, akalala nalo, akaamka nalo. Akawauliza na wenzake.

Ijumaa, mgahawa umefurika, redio imetulia kabisa, Vitunguu akavua aproni. Akatoka jikoni taratibu, akakaa meza ya dirishani. Mwosha vyombo akamfuata, akakaa kwenye meza yake. Wapishi nao. Jiko likabaki na sufuria peke yake.

Tajiri alikuja mbio, tai imekwenda upande. "Maofisa wako wapi?"

"Hawapo, tajiri. Leo tumekuja kula."

"Nani anapika?"

"Hata sisi tunauliza."

Wateja wakaanza kugonga vijiko. Harufu ya wali unaoungua ikaingia ukumbini.

"Nawaita uhamiaji sasa hivi!"

"Waite," alisema Vitunguu. "Watakuuliza umetuajiri wangapi, na tangu lini."

Tajiri alifuta jasho. "Mnataka nini?"

"Jumatatu twende wote ofisini kwao. Useme kwa mdomo wako kwamba sisi ni wafanyakazi wako, utuombee vibali."

"Wanaweza kuwarudisha kwenu!"

"Tunajua. Tumechoka kuogopa."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa spana, ameyasikia yote. Akapaza sauti: "Jamani, huyo wa dirishani ni mchumba wangu! Namjua! Namjua vizuri sana!"

Mgahawa mzima ukaangua kicheko.

"Nani kakuuliza?" alisema Vitunguu, lakini kile kishimo kilishajitokeza. "Kaa chini, unaziba njia."

Jumatatu tajiri alikwenda. Alilowa jasho, akasema yaliyompasa kusema. Zamu ya Vitunguu ikafika.

"Umeolewa?" aliuliza ofisa wa kaunta.

Fundi, aliyemsindikiza, alimnong'oneza, "Sema ndiyo. Tuoane leo leo, mpenzi, mama yuko nje, mashahidi tutawaokota njiani. Mambo yaishe."

"Ukinioa leo, nitakuwa mke wa kumkwepa ofisa, kama siku ile. Nataka kuwa mke wako pasipo mtu anayenifukuza." Akamgeukia ofisa. "Sijaolewa. Mimi ni mpishi."

Ofisa aliandika. Maombi ya mwajiri yamepokelewa, alisema, lakini kwa kuwa aliingia bila ruhusa, arudi kwao akasubirie majibu huko. Ni lini, hakuweza kusema.

Vitunguu aliishika kaunta kwa mikono miwili. "Nitasubiri."

Nje, kwenye ngazi, akalia kifuani kwa fundi, ovaroli na grisi yake yote.

"Nakuja kwenu," alisema fundi. "Na mama. Kuposa, siyo kutembea."

"Utakuja kweli, laazizi?"

"Kweli tupu."

Alijitoa kifuani, akamkazia macho. "Njoo. Lakini kule mgeni ni wewe. Upite mpakani mchana kweupe, na makaratasi yako yote. Mimi siolewi na mtu wa kujificha."

Fundi aligeuka, akapanda ngazi, akarudi ndani kuulizia dirisha la pasipoti.