Nilingoja Shemeji Aaibike, Feni Ikamrusha Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, ni fundi wa stima hapa Kitale, na siku hizi ninapika na kula peke yangu kwa sababu ya feni. Ndiyo, feni! Cheka ukipenda, lakini soma hadi mwisho.

Mke wangu Nasimiyu ni wa Naitiri, upande wa Bungoma. Stima ilipofika kwao, miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, kaka yake mkubwa, Wanjala, ndiye aliyefunga nyaya nyumba nzima ya mama yao. Huyo Wanjala! Aliwabebea mafundi ngazi kule Nairobi kwa miezi michache, akarudi nyumbani akijiita injinia. Kalamu mbili mfukoni, testa ya kupimia stima sikioni, kichwani hamna kitu. Nilimdharau tangu siku ya kwanza, wala sikuficha sana.

Disemba moja mama mkwe aliandaa maombi ya shukrani. Watu wa kanisa wangejaa sebuleni, na mabati ya kule yanachoma. Nikanunua feni ya darini, nikaipeleka pamoja na vifaa vyangu vyote ili niifunge mwenyewe.

Wanjala akanizuia mlangoni.

"Aa-aa, shemeji. Kwetu mukwe hapandi juu kwa nyumba ya mama mukwe, wala hawagusani. Ni mwiko, bana. Kaa tu huko nje, kazi tunaijua."

Sisi Wakikuyu wa Kitale hatuna mwiko huo. Hata mama mkwe mwenyewe alimtuma Nasimiyu aniambie kwamba atakwenda jikoni, nipite nifanye kazi, Mungu ataelewa. Mwanamke mwenye akili! Lakini nilikataa. Nikasema mila ni mila... Uongo mtupu! Nilitaka Wanjala apande, ashindwe mbele ya ndugu zake, kisha aje nje kunibembeleza.

Nikaketi kando ya ghala la mahindi na kikombe cha chai, nikisubiri kucheka.

Sikusubiri sana. Feni ilifungwa, ikawashwa, ikanguruma tu bila kuzunguka. Nasimiyu akatoka kuniuliza. Nilimwambia kuna kidude kinachoipa feni nguvu ya kuanza, waya wake haujashika vizuri. Akarudi ndani na maneno yangu, feni ikazunguka, nikasikia makofi. Akapigiwa makofi nani? Wanjala! Roho iliniuma kweli kweli.

Kidogo Nasimiyu akatoka tena, anacheka.

"Baba Njeri, ati feni inatekenya Wanjala! Akishika hiyo chuma inamtekenya, na swichi si amezima?"

Nilielewa papo hapo. Feni iliyozimwa ikitekenya, ujue swichi inakata waya usiofaa. Waya wa moto, ule wenye stima, unakwenda moja kwa moja hadi darini, na mahali fulani umechubuka unagusa chuma. Wanjala alitekenywa tu badala ya kurushwa, kwa sababu alisimama juu ya meza ya mbao. Kulikuwa na maneno matatu ya kusema: zimeni swichi kuu!

Mimi nilisema nini? "Mwambie injinia wenu aje aniulize mwenyewe."

Akaenda. Wanjala hakuja. Kiburi chake ndani, kiburi changu nje, na mimi nikaendelea kunywa chai.

Wageni walikuwa wakikaribia. Nasimiyu aliona vumbi la dari limekaa kwenye mabawa ya feni. Akachukua kitambaa kibichi, akapanda kiti cha chuma, miguu mitupu, sakafu ikiwa bado na maji ya kupigwa deki. Swichi ilikuwa imezimwa... angeogopa nini?

Nilisikia kiti kikianguka, kisha mayowe ya mama mkwe.

Nilikimbia ndani. Nilimpita mama mkwe mlangoni, tukagongana mabega, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mwiko! Nikazima swichi kuu. Nasimiyu wangu alikuwa sakafuni, kiganja kimeungua, nyonga imevunjika.

Alilazwa Bungoma wiki nyingi. Kila nilipokwenda kumwona nilimtukana Wanjala kando ya kitanda. Mjinga! Muuaji! Injinia wa kubeba ngazi! Siku moja Nasimiyu akaniuliza polepole, "Hiyo siku nilikuja kukwambia inatekenya... ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilishindwa. Nikamwambia nilijua.

"Wanjala hakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Alipotoka hospitali alikwenda kwa mama yake, na binti yetu Njeri akamfuata. Anatembea kwa mkongojo. Nasikia Wanjala ndiye anayemtekea maji kila asubuhi. Yule yule niliyemwita mjinga!

Ndugu wasomaji, feni ikikutekenya, usiiamini swichi ya ukutani. Nenda uzime ile kubwa, tena kwa mkono wako, halafu umtafute fundi wa kweli. Lakini hilo ni dogo. Wewe unayekaa pembeni sasa hivi ukitazama mtu unayemdharau akikosea, unangoja nini? Inuka umwambie, hata akikucheka, hata akipigiwa makofi yeye. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aaibike, na nilimpata. Ninamwona kwenye kioo kila asubuhi nikinyoa ndevu.