Kipande Kimoja Kilichobaki

Nyumba ilikuwa imejaa. Bibi alikuwa amehamia kwa mwanawe, na chumba hakuna. Alilala kwenye kona ya sebule.

"Nakoroma mbele ya wageni kama redio mbovu," alilalamika.

Mkwewe, fundi cherehani, akaamua kumshonea pazia la vipande vya mraba. Wifi yake, binti wa bibi, akaja kusaidia. Wakakata vipande, wakahesabu: elfu moja na tisa.

Wakavipanga sakafuni, ishirini na nane kila mstari. Mistari thelathini na sita ikajaa. Kipande kimoja kikabaki peke yake.

"Vimepungua ishirini na saba kujaza mstari," fundi akasema. "Fungu la mwisho ulikata wewe, wifi."

"Una maana gani?"

"Sina maana. Nauliza tu, ule mto wako mpya umeushona kwa kitambaa gani?"

Wakapanga upya, ishirini na nne kila mstari. Mistari arobaini na miwili ikajaa. Kikabaki kimoja tena.

"Ehee!" wifi akadakia. "Sasa vimepungua ishirini na tatu. Kwa hiyo nimerudisha vinne huku nimekaa hapa hapa?"

Bibi akacheka. Wifi hakucheka. Akachukua mkoba wake.

"Nimechoka kuitwa mwizi. Shona peke yako!"

Mlangoni akagongana na jirani, mwalimu wa hesabu, aliyesikia kelele na hakutaka kupitwa.

"Usiondoke, shoga. Nani atanisimulia?" Akamrudisha ndani kwa mkono. "Haya, vipande vingapi?"

Wakamwambia. Akafikiri kidogo.

"Hakuna aliyeiba. Namba hii ni kaidi tu. Ni namba tasa: inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Mtapata mstari mmoja mrefu mpaka barabarani."

"Umejuaje?" fundi akauliza. "Umejaribu namba zote mpaka elfu moja?"

"Ningezeeka! Naishia thelathini na moja. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili ni elfu moja ishirini na nne, tumeshapita. Kila kigawo kikubwa kina mwenzake mdogo. Ukimkosa mdogo, mkubwa hayupo. Na ikikataa mbili, nne na sita usihangaike nazo."

Fundi akachukua chaki ya kuchorea nguo. Wifi akaweka mkoba chini, akachukua nyingine. Wakagawa kwa tatu, tano, saba, kumi na moja, wakaendelea kupanda. Kila mara kikabaki kitu. Walipofika thelathini na moja, vikabaki kumi na saba.

Fundi akaiweka chaki chini.

"Nisamehe, wifi. Mdomo ulinitangulia."

"Na mto wangu je?"

"Mzuri. Nauonea wivu."

"Ondoeni kimoja," mwalimu akasema. "Elfu moja na nane ni namba karimu. Inakubali mbili, tatu, saba, ishirini na nne, ishirini na nane. Ndiyo maana kila mlipopanga kilibaki kimoja."

Wakashona wawili, mistari thelathini na sita ya vipande ishirini na nane, bila pengo. Kipande kilichobaki kikawa mfuko wa miwani ya bibi, kwa upande wa ndani wa pazia.

Pazia lilipotundikwa, bibi akajifungia kwake. Mwalimu akavuta kiti, akaanza kunong'ona habari za mtaani.

"Ongezeni sauti," bibi akasema nyuma ya pazia. "Huku hakusikiki vizuri."